Barua ya wazi kwa Kamati ya Ukumbi: msimu mliotuuzia uko wapi?

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Uendeshaji,
Ukumbi wa Maigizo wa mji wetu.

YAH: MSIMU WA MAIGIZO ULIOTANGAZWA, UKAUZWA, KISHA UKAVUNJWA

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu wewe na wajumbe wenzako kwa heshima. Wengi wenu mnaifahamu sauti yangu kuliko sura yangu. Mimi ndiye yule anayekaa kona ya kushoto ya jukwaa, nyuma ya pazia, kwenye kiti kisicho na mgongo, akinong'ona gizani: "Taa, ya nane, tayari." Nimekuwa msimamizi wa jukwaa la ukumbi huo kwa miaka 11, kwa kujitolea, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia kitu kingine zaidi ya orodha ya balbu zilizoungua.

Kabla ya kuileta barua hii hadharani, nilibisha hodi. Barua ya kwanza nilimkabidhi katibu mkononi, akasaini kuipokea. Ya pili niliipeleka mwezi uliofuata, nikaambiwa ya kwanza "inafanyiwa kazi". Tukaomba kikao, tukapewa dakika ishirini baada ya kusubiri saa moja na nusu, na dakika saba kati ya hizo zilikwisha kwenye utambulisho. Barua ya tatu ilikuwa na saini 63 za waigizaji, mafundi, washonaji na watu waliolipia tikiti za msimu. Jibu lake lilikuwa neno moja kwenye simu yangu: "Imepokelewa." Tangu hapo ni kimya.

Basi nayaweka hapa, moja baada ya jingine, ili kila aliyelipa na kila aliyefanya mazoezi ayasome pamoja nanyi.

1. Mchezo wa tatu ulifutwa siku tisa kabla ya kufunguliwa

Msimu ulitangazwa kuwa na michezo mitano katika miezi tisa. Tangazo lilipendeza: majina ya michezo yote, tarehe zote, na ahadi kwamba atakayelipia msimu mzima mapema atapata nafuu ya bei na kiti chake mwenyewe. Watu wakalipa. Mchezo wa kwanza ulikwenda vizuri kwa jioni nne, na jioni ya mwisho kulikuwa na watu waliosimama ukutani. Wa pili nitaufikia. Wa tatu haukuonekana kabisa. Asubuhi moja tulikuta karatasi mlangoni: "Onyesho limeahirishwa kwa sababu zisizozuilika." Haikuwa na tarehe mpya wala jina la aliyeamua. Mwongozaji wa mchezo aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama barazani kama mpita njia yeyote.

Naomba mnivumilie nieleze siku tisa ni nini, maana nimegundua ndani ya kamati wapo wanaodhani mchezo wa kuigiza ni kama kikao, kwamba ukiahirishwa leo unafanyika Alhamisi ijayo na muhtasari unaendelea pale ulipoishia.

Wiki ya kwanza watu hukaa mezani na kusoma. Ya pili tunabandika utepe sakafuni kuonyesha kuta, milango na ngazi ambazo seremala bado hajazigusa, na mwigizaji hujifunza kutopita katikati ya ukuta ambao haupo. Wiki ya tatu na ya nne mswada unawekwa chini. Hapo ndipo vilio huanza, kwa sababu mtu aliyekariri vizuri nyumbani kwake hugundua kwamba miguu ikianza kutembea maneno yanatoroka. Wiki ya tano mchezo huwa mbaya kuliko ulivyokuwa wiki ya pili. Kila mwongozaji hulijua hilo, na kila mwongozaji huingiwa na hofu upya kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Wiki ya sita, bila mtu kujua ni jioni gani hasa, mchezo hukaa sawa. Mmoja anakosea mstari, mwenzake anamwokoa bila kusita, na mimi kwenye kiti changu naacha kufuatisha kidole kwenye mswada.

Hapo ndipo mlipotufungia mlango. Tulikuwa tumekutana jioni 18, saa mbili na nusu kila jioni. Hizo ni saa 45 kwa mtu mmoja, na waigizaji walikuwa 14: saa 630. Sijahesabu waliokuwa wakipaka rangi mbao Jumapili, wala mama aliyeshona maleba ya kundi zima kwenye cherehani yake mwenyewe.

Saa hizo haziwekwi ghalani. Ndani ya wiki tatu kijana wetu mmoja alihamia mji mwingine kwa masomo, mwingine akapangiwa zamu za usiku kazini. Yupo pia mwalimu mstaafu aliyekuwa akiigiza kwa mara ya kwanza maishani. Mjukuu wake alimsomea sehemu za wenzake kila usiku mpaka mtoto mwenyewe akakariri mchezo mzima. Nilimkuta siku ile mbele ya karatasi yenu, viatu vya jukwaani vikiwa kwenye mfuko. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Sasa haya maneno yote niyapeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Nawauliza ninyi.

2. Sababu "zisizozuilika" zilizuilika kwa fomu moja

Tulikuja kujua baadaye, si kwa taarifa rasmi bali kwa mjumbe wenu mmoja aliyebanwa na maswali, kwamba mchezo ulisimama kwa sababu haki za kuuigiza hazikuombwa. Mchezo uliwekwa kwenye tangazo, tikiti zikauzwa, na mwenye kazi yake hakuulizwa. Wakala wake alipoona tangazo akaandika kutaka maonyesho yasimamishwe. Alikuwa na haki kabisa, wala simlaumu.

Haya si mambo ya kitaalamu yasiyoeleweka. Mchezo wenye mwandishi aliye hai, au aliyefariki miaka ya karibuni, huigizwa kwa ruhusa, na kwa kawaida malipo huhesabiwa kwa kila onyesho. Kuwa kikundi cha kujitolea hakuondoi wajibu huo. Kuingiza watu bure nako hakuuondoi. Ruhusa ikitolewa, kwa kawaida huja na sharti kwamba maneno ya mwandishi hayakatwi wala hayabadilishwi bila kumuuliza tena. Fomu ya maombi niliiweka mimi mwenyewe kwenye jalada lenu miezi mitano kabla ya ufunguzi, ikiwa imejazwa kila kitu isipokuwa saini na malipo.

Kilichonishangaza zaidi ni dawa iliyopendekezwa. Kwenye kile kikao cha dakika ishirini mjumbe mmoja alisema tuache usumbufu, tuchukue Shakespeare, kwani "hana mwenyewe". Kweli, Shakespeare alifariki mwaka 1616 na hakuna wa kumlipa. Lakini mjumbe alimaanisha tumwigize kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kina mwenyewe. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na ile ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwalimu alifariki mwaka 1999. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unalinda kazi ya mwandishi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na tafsiri inalindwa kama kazi yenyewe. Tungetoka kwenye shimo moja na kutumbukia jingine, safari hii tukiwa tumevaa majoho ya Kirumi.

Nalisema hili kwa sababu linaonyesha tatizo lilipo. Hakuna mtu ndani ya kamati ambaye kazi yake ni kuuliza, kabla tangazo halijapigwa chapa: je, tunayo haki ya kuucheza mchezo huu? Kungekuwa na mtu mmoja tu wa kuuliza hivyo, zile saa 630 zingekuwa onyesho.

3. Tikiti ya msimu imegeuzwa kuwa tikiti ya chochote

Nafasi ya mchezo wa nne alipewa mchekeshaji wa kukodi aliyekuwa akipita na ziara yake. Sina ugomvi naye, nilicheka kama wengine. Ugomvi wangu ni ile taarifa kwamba waliolipia msimu wamehesabiwa kuwa wameshauona mchezo wa nne. Mtu aliyenunua mchezo wa watu wa mji wake, akiwemo binti yake mwenyewe, hawezi kuambiwa kwamba kiti ni kiti.

4. Jukwaa linakodishwa katika wiki ya mwisho ya mazoezi

Sasa mchezo wa pili. Huo ulifanyika, na nyinyi mnautaja kila mara kama ushahidi kwamba mambo yanakwenda. Mlikuwa mmekaa mbele, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Niruhusuni niwasimulie ulivyokuwa kutoka upande wangu.

Wiki ya mwisho kabla ya ufunguzi ni wiki ambayo mchezo unakutana na jukwaa lake. Kwa wiki sita tumefanya mazoezi kwenye chumba cha pembeni chenye dari fupi. Ndani ya siku nne tunapaswa kupandisha mandhari, kuelekeza taa moja moja kwa ngazi, kupima sauti, kisha kukaa siku nzima tukiruka kutoka badiliko moja la taa hadi jingine, tukirudia kila moja mpaka fundi wa taa na mwigizaji wanajua nani anamsubiri nani. Ni kazi ya kuchosha na haina raha yoyote, na mtazamaji hapaswi kujua kwamba iliwahi kufanyika. Baada yake ndipo unakuja usiku wa mazoezi kamili, na maleba, bila kusimama.

Kwa mchezo wa pili, siku mbili kati ya hizo nne mlikodisha ukumbi kwa sherehe ya watu binafsi. Tulishusha mandhari tuliyoyapandisha jana yake. Taa zilizoelekezwa zikageuzwa kuwamulika wacheza muziki. Utepe wa alama sakafuni ukang'olewa na mfagiaji ambaye hakuambiwa kitu. Hatukupata usiku wa mazoezi kamili. Usiku wa ufunguzi ndio ukawa mazoezi yetu, mbele ya watu waliolipa.

Mnakumbuka lile giza refu katika sehemu ya pili, ambalo mjumbe mmoja alinisifu kwalo akisema lilileta mashaka mazuri? Lilikuwa fundi wa taa akitafuta swichi. Na yule mwigizaji aliyejikwaa kwenye ngazi akageuza kuwa kichekesho? Ile ngazi ilikuwa imerudishwa shubiri mbili kutoka mahali pake, na pale chini palikuwa na urefu wa mtu kuvunjika mguu. Mlipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono.

5. Mnyororo kwenye mlango wa nyuma

Hili ningeweza kuliweka la kwanza. Nimeliacha hapa kwa sababu nilitaka mfike hapa mkiwa bado mnasoma.

Tangu mchezo wa pili, mlango wa dharura ulio nyuma upande wa kulia hufungwa kwa mnyororo na kufuli wakati wa maonyesho. Nilipouliza niliambiwa vijana walikuwa wakiingilia hapo bila tikiti. Ufunguo hukaa na mhazini, naye huwa mlango wa mbele akihesabu fedha.

Tarehe 30 Desemba 1903, katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, onyesho la mchana lilikuwa limejaa wanawake na watoto. Cheche ya taa ya jukwaani ilishika pazia. Lile pazia la kuzuia moto, lililotakiwa kushuka na kulitenga jukwaa, lilikwama njiani. Watu walikimbilia milango wakakuta mingine imefungwa, mingine imefichwa nyuma ya mapazia ya mapambo, na mingine ina komeo ambazo wageni hawakujua kuzifungua. Walikufa zaidi ya watu 600. Ukumbi ule ulikuwa na wiki chache tu tangu ufunguliwe na ulikuwa umetangazwa kuwa hauwezi kuungua. Ile milango ya kumbi inayofunguka ukiisukuma tu kwa kifua, yenye fimbo ya chuma ya kulala, ilibuniwa miaka michache baadaye, na msukumo wake ulikuwa msiba huo. Mlango wetu wa nyuma una fimbo hiyo hiyo. Ninyi mmeuzungushia mnyororo.

Sisi tuna taa zinazopata moto kiasi cha kuunguza kidole, mapazia ya kitambaa kizee, mandhari ya mbao na rangi, na nyuma ya jukwaa nyaya ambazo mimi binafsi nimezifunga kwa utepe. Kijana kuingia bila tikiti ni hasara ya kiti kimoja. Wekeni mtu wa kusimama pale. Mimi nimewapatia majina ya watu wawili walio tayari kusimama bure.

6. Mazoezi na maamuzi yamefungiwa ndani

Zamani mtu yeyote wa mji aliweza kuingia jioni ya mazoezi, akakaa kiti cha nyuma, akatazama. Wengine waliingia kukwepa mvua wakatoka wakiwa waigizaji. Fundi wetu wa sauti tulimpata hivyo. Msimu huu mmepiga marufuku, mkasema mazoezi si maonyesho na watu wakiona mapema hawatanunua tikiti.

Historia ya ukanda wetu wa lugha inasema vinginevyo. Kule Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao, na mazoezi ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yalifanywa mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Wakulima na wafanyakazi waliokuja kutazama walisahihisha lugha, walibishana juu ya namna mhusika anavyopaswa kutembea, wengine wakapewa nafasi. Kisha mchezo ulipofunguliwa watu walewale walirudi na ndugu zao, wakajaza. Kilichousimamisha ni serikali, iliyofuta kibali mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kule ilihitajika dola nzima kuwatoa watu kwenye jukwaa lao. Kwetu imetosha kufuli moja ya kamati.

Na hayo ya mazoezi ni madogo kando ya maamuzi. Michezo inachaguliwa, inabadilishwa na kufutwa katika vikao ambavyo hakuna mwongozaji, mwigizaji wala fundi hata mmoja anayekaa. Muhtasari haubandikwi. Ndiyo maana tunasoma hatima ya kazi zetu mlangoni.

Najua mtakayojibu

Mtasema fedha. Ukumbi una paa linalovuja, umeme hausubiri, na kukodisha kunaingiza fedha nyingi kwa usiku mmoja kuliko jioni tatu za maigizo. Naliamini hilo, na sijawahi kusema ukumbi usikodishwe. Mwaka una majuma 52. Michezo mitano, kila mmoja ukipewa wiki moja ya kuandaa jukwaa na wiki moja ya maonyesho, inachukua majuma kumi. Yanabaki 42. Kodisheni hayo. Ila tazameni pia upande wa pili wa daftari: waliolipia msimu waliwapa fedha miezi kadhaa kabla ya kuona chochote. Huo ni mkopo usio na riba ambao mji umewapa. Mkopeshaji akija kuuliza, haambiwi kwamba amechekeshwa inatosha.

Mtasema sisi ni wa kujitolea, kwa hiyo tusidai kama waajiriwa. Ninyi nanyi ni wa kujitolea, Ndugu Mwenyekiti, na hilo halikuwapunguzia mamlaka. Asiyelipwa ndiye hasa anayepaswa kuambiwa mapema, kwa sababu kitu pekee alichokileta ni muda wake.

Mtasema watazamaji ni wachache. Mchezo wa kwanza watu walisimama. Wa pili, uliochezwa bila mazoezi kamili, ulishuka kila jioni, na mji mdogo hauhitaji gazeti: kufikia asubuhi ya pili kila mtu alikuwa ameshasikia habari za lile giza. Wa tatu haukuwepo. Sijui mnahesabu watazamaji gani.

Na mtasema ningewafuata faragha. Rejeeni mwanzo wa barua hii.

Tunachoomba

Hatuombi mtu ajiuzulu. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, hata na baadhi ya waliotia saini. Ni kwa sababu wajumbe wengi wa kamati hii ndio walioununua mtambo wetu wa sasa wa taa, kwa kuzunguka mlango kwa mlango, na mimi nilikuwepo. Tunaomba mambo yafuatayo, na tunaomba majibu yake kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu barua hii ibandikwe:

Mnyororo wa mlango wa nyuma utolewe leo. Huu hausubiri siku 21. Onyesho lolote litakaloanza mlango ukiwa umefungwa, mimi sitatoa ishara ya kuzima taa za ukumbini, na bila ishara hiyo pazia halifunguliwi. Nimewaambia waigizaji na wameafiki.

Kila aliyelipia msimu achague mwenyewe kati ya kurudishiwa sehemu ya fedha inayolingana na michezo miwili aliyoikosa, au kupewa viti hivyo katika msimu ujao. Uamuzi uwe wake. Orodha ya walionunua ipo kwa mhazini, hivyo hakuna haja ya watu kupanga foleni wakithibitisha walichokwisha kulipia.

Haki za mchezo wa tatu ziombwe sasa, kwa fomu ileile iliyo kwenye jalada, na zikipatikana mchezo upewe tarehe. Waigizaji 11 kati ya wale 14 wamesema watarudi. Nafasi tatu tutazijaza. Haki za mchezo wa tano nazo zionyeshwe kwa mwongozaji wake kabla hajaita mtu hata mmoja kusoma, na kuanzia msimu ujao jina la mchezo lisichapishwe kwenye tangazo lolote kabla ya ruhusa kuwa mkononi.

Siku nne kabla ya kila ufunguzi ziandikwe kwenye kalenda ya ukumbi kwa wino, na asiwepo mwenye uwezo wa kuzikodisha, hata mwenyekiti.

Viti viwili ndani ya kamati vipewe watu wa jukwaani, mmoja wa mbele ya pazia na mmoja wa nyuma yake, wachaguliwe na wenzao. Sikitaki kimoja kati ya hivyo. Nina kiti tayari, ingawa hakina mgongo. Muhtasari wa kila kikao kinachogusa msimu ubandikwe mlangoni, pale pale mnapobandika maahirisho.

Mazoezi yafunguliwe tena kwa wenyeji, angalau jioni moja kwa wiki.

Yule mwalimu mstaafu bado ana viatu vya jukwaani nyumbani kwake. Nilimwambia avirudishe stoo ya maleba kama utaratibu unavyotaka. Amekataa, anasema atavileta siku ya mazoezi. Sijamfuatilia.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa jukwaa,
kwa niaba ya watu 63 waliotia saini barua ya tatu.

Nakala: Ubao wa matangazo, mlango wa mbele. (Wa nyuma una mnyororo.)